Alama za Mtoto Wako: Zilitoka Wapi, na Zinasema Nini?

Fungueni karatasi zenu za somo, na kila mmoja awe na kalamu. Juma lililopita tulijifunza maana ya asilimia, yaani hesabu ya kila mia. Leo tutaitumia hesabu hiyo katika jambo linalowasumbua wazazi wengi: matokeo ya mtihani wa darasa la saba.

Kila mwaka matokeo yakitoka, katika nyumba moja huchinjwa kuku, na katika nyumba ya pili mtoto hulala bila kula. Mzazi husema, “Mwanangu ameshindwa,” na mambo yakaishia hapo. Lakini neno hilo “kushindwa” lina historia yake. Tukiijua historia hiyo, tutaisoma karatasi ya matokeo kwa macho mengine.

Tuanze zamani. Wakati wa utawala wa Waingereza shule zilikuwa chache. Watoto wengi waliopata bahati ya kusoma waliishia darasa la nne. Wachache waliendelea mpaka darasa la nane, na wachache zaidi wakaingia sekondari. Katika kila ngazi palikuwa na mtihani. Kazi ya mtihani ule haikuwa kumwambia mzazi mtoto wake anajua nini. Kazi yake ilikuwa kupunguza watu mlangoni, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi.

Tazameni hesabu. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa 490,000 hivi. Wale wa sekondari, nchi nzima, walikuwa 11,832. Kati yao, waliofika kidato cha sita walikuwa 176 tu. Andikeni hesabu hizo tatu, moja chini ya nyingine, muone jinsi zinavyopungua.

Serikali ya uhuru ilijenga shule, na katika miaka ya 1960 mwisho wa shule ya msingi ukawa darasa la saba. Hata hivyo, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba watoto kama 13 tu katika kila 100 wa shule za msingi ndio watakaopata nafasi ya sekondari. Alisema tena kwamba mitihani ile ilipima uwezo wa kukariri mambo na kuyaandika kwa saa iliyowekwa. Haikupima uwezo wa kufikiri, wala tabia, wala moyo wa kuwatumikia wenzake.

Sasa fanyeni hesabu. Kati ya watoto 100, ukitoa 13, wanabaki wangapi? Wanabaki 87. Je, watoto hao 87 wote walikuwa wajinga? Basi likiwa na viti 13, na kituoni wamesimama abiria 100, abiria 87 watabaki kituoni hata kama wote wana nauli mkononi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tushike maneno mawili tofauti. La kwanza ni “kufaulu”, yaani kujua yale yaliyofundishwa. La pili ni “kuchaguliwa”, yaani kupewa kiti. Kwa miaka mingi wazee wetu waliyachanganya maneno haya. Mtoto aliweza kujua masomo yake vizuri na asichaguliwe. Tena baadaye nafasi ziligawiwa kwa mikoa na wilaya, ili sehemu zenye shule chache nazo zipate. Kwa hiyo alama zilizomfikisha mtoto sekondari katika wilaya moja ziliweza kumwacha nyumbani mtoto wa wilaya nyingine.

Mwaka 1973 liliundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka uliofuata, mjini Musoma, likapitishwa azimio kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto aingie shule ya msingi. Hilo lilikuwa jambo kubwa na jema. Lakini shule za sekondari hazikuongezeka kwa mwendo huo, na mlango ukazidi kuwa mwembamba.

Baba yangu mzazi alimaliza darasa la saba mwaka 1986. Katika darasa lao walichaguliwa wavulana wawili, naye hakuwamo. Baadaye aliweka hesabu za chama cha wakulima kwa miaka mingi, na haikupotea hata shilingi. Lakini kila alipoitwa kusema mbele ya watu alikataa. “Mimi nilishindwa shule,” ndivyo alivyosema. Mwaka juzi nilimweleza habari za nafasi za miaka ile, kama ninavyowaeleza leo. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, “Kumbe viti vyenyewe havikuwepo?”

Tangu mwaka 2004 ulipoanza mpango wa kuendeleza sekondari, shule nyingi zimejengwa katika kata. Kuanzia mwaka 2016 ada iliondolewa katika sekondari za serikali mpaka kidato cha nne. Katika miaka ya karibuni karibu kila mtoto anayefaulu darasa la saba hupangiwa shule. Mlango umepanuka. Lakini desturi ya kuuliza “amechaguliwa, hakuchaguliwa?” na kuliacha jambo hapo imebaki nasi, na huficha mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua.

Sasa tuisome karatasi yenyewe. Mtihani una masomo 6: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii na Uraia. Kila somo lina alama 50, na jumla ni 300. Mzazi huonyeshwa herufi. Andikeni:

A ni alama 41 mpaka 50.
B ni 31 mpaka 40.
C ni 21 mpaka 30.
D ni 11 mpaka 20.
E ni 0 mpaka 10.

Mwishoni huwekwa herufi moja ya wastani. Mwenye jumla ya 121 au zaidi hupata C au herufi iliyo juu yake, naye amefaulu. Mwenye 120 hupata D. Basi, tofauti ya C na D yaweza kuwa alama moja tu! Usimpige mtoto wala usimdharau kwa sababu ya alama moja.

Sasa mfano wa pili. Watoto wawili wana jumla ya 150 kila mmoja. Wote wana wastani wa C, na wote wamefaulu. Mtoto wa kwanza amepata 25 katika kila somo. Mtoto wa pili amepata Kiswahili 44, Maarifa ya Jamii 38, Uraia 36, Sayansi 20, Kiingereza 7 na Hisabati 5. Je, watoto hawa ni sawa? La. Yule wa pili ni hodari sana wa Kiswahili, lakini anakwenda sekondari ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, naye ana E ya Kiingereza. Mzazi akitazama herufi ya mwisho peke yake, atafurahi mwezi mmoja, kisha mtoto ataanza kupotea darasani na mzazi hatajua kwa nini.

Basi, ndugu mzazi, matokeo yakitoka fanya mambo matatu. Kwanza, soma herufi ya kila somo kabla ya ile ya wastani. Pili, nenda kwa mwalimu umwulize, “Mwanangu amekwama wapi, na tunaweza kumsaidiaje kabla shule hazijafunguliwa?” Tatu, zungumza na mtoto mwenyewe. Kama hakufaulu, mwambie wazi kwamba mtihani ulipima masomo 6 kwa siku chache, wala haukupima maisha yake yote. Kisha mtafute pamoja njia iliyobaki, iwe ya masomo au ya ufundi.

Maswali ya kujibu:
1. Eleza tofauti ya kufaulu na kuchaguliwa.
2. Kwa nini watoto wengi hawakuingia sekondari mwaka 1967?
3. Mtoto ana alama 31 za Sayansi na 30 za Hisabati. Andika herufi zake.
4. Leta darasani matokeo ya mtoto wako au wa jirani, kwa ruhusa yake, tuyasome pamoja.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.