Coax: kubembelezwa au kufanywa mjinga?

Mpwa wangu anayefanya kazi Thika aliniuliza juzi maana ya kitenzi cha Kiingereza "coax". Mwenzake kazini alimwonya kwa neno hilo: dalali wa ploti kule Ruiru anamfanyia hivyo. Kila siku ni simu. Anamwita bosi, anamsifu kwa akili ya kuwekeza mapema, anamwambia tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe mwaka 2012 bei haijui kushuka, na imebaki ploti moja tu. Anachotaka leo ni arbuni.

Maana yake ni kumvuta mtu polepole, kwa upole, sifa na ahadi, hata akubali jambo alilokuwa hana haja nalo. Hakuna nguvu wala vitisho. Hutumika pia kwa wema, kama mama anapomshawishi mtoto ameze dawa.

Asili yake haina utamu. Katika Kiingereza cha karne ya 16, "cokes" alikuwa mjinga, mtu mwepesi wa kudanganywa. Kitenzi kilianza kwa maana ya kumfanya mtu mjinga, kisha kikalainika. Katika mchezo wa Ben Jonson wa mwaka 1614, Bartholomew Fair, yumo kijana tajiri aitwaye Cokes. Akiwa gulioni anasikiliza wimbo, mwizi anamtekenya sikio kwa unyasi. Anatoa mkono mfukoni kujikuna, na mkoba umekwenda.

Kiswahili chetu kimegawa kazi hiyo. Kubembeleza ni kwa mapenzi, kama kumtuliza mtoto. Kurairai ni kusihi kwa maneno matamu ili upate kitu. Kurubuni ni kumshawishi mtu kwa hila mpaka aingie mtegoni. Kiingereza kinaweza kuyafunika yote matatu kwa neno moja, ndiyo maana mpwa wangu alichanganyikiwa.

Nilimwambia sifa si hatimiliki. Nenda ofisi ya ardhi uthibitishe mwenye shamba ni nani na kama lina deni. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, uliza idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Anayekubembeleza kwa heri atakungoja urudi. Anayekurubuni atakwambia mteja mwingine yuko njiani.

Mpwa wangu hajatoa arbuni. Dalali naye hajaacha kupiga simu.