Bloku ya betoni niliyoikataa: historia ya uzito wa nyuma kwenye trekta

Bandugu, naanza na kosa langu mwenyewe. Kwenye staji yangu ya kwanza baada ya lisansi, kwenye fermu moja isiyo mbali na Lubumbashi, kulikuwa trekta yenye ndoo ya mbele ya kupakia samadi. Nyuma yake, kwenye ile mikono mitatu ya kufungia jembe, ilining'inia bloku ya betoni ya kama kilo 500. Niliiangalia siku mbili, siku ya tatu nikasema: «Papa, mashini inabeba samadi mbele, juu ya nini tena tunaibebesha jiwe nyuma? Tunaunguza mazutu bure.»

Papa shofere hakubisha. Mimi nilikuwa «agronomu». Bloku ikatolewa, ikawekwa kando ya hangari, na saa sita watu wakawa wanaikalia wakila.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha na samadi ikalowa. Papa alijaza ndoo, akaiinua juu ili ipite ukingo wa remorki, akaanza kukata kona mahali ambapo zamani kulikuwa na kichuguu. Niliona gurudumu kubwa la nyuma, la kuume, linaacha udongo. Halikuruka, lilipanda polepole tu, kama mtu anayeinua mguu kuvuka tope. Papa aliteremsha ndoo palepale na gurudumu likarudi chini. Akazima moto, akakaa kidogo bila kusema. Kisha: «Agronomu, ile jiwe ulisema tutoshe, njo ilikuwa inashika hii mashini.»

Sikuwa na jibu. Miaka yote ya fakulte, hakuna aliyenifundisha kazi ya ile bloku, na mimi sikuuliza. Nikaanza kusoma. Kumbe hadithi yake inaanzia kwenye jembe, na ni hadithi ya watu waliokufa.

Mwaka 1917 Henry Ford alianza kutoa trekta ya Fordson. Ilikuwa ndogo, ya bei ya chini, na ikaenea haraka Marekani na Uingereza. Jembe lilivutwa nyuma yake kama farasi anavyovuta gari. Shida ilikuja jembe lilipokwama kwenye jiwe au mzizi. Injini iliendelea kusukuma, magurudumu ya nyuma yakakosa pa kwenda, basi pua ya trekta ikapanda juu. Ikipanda sana, mashini nzima iligeuka na kumwangukia shofere. Wengi walikufa hivyo.

Mwaka huohuo, kule Ireland, serikali ilimpa Harry Ferguson kazi ya kuzunguka mashamba na kuona namna trekta zingetumika vizuri zaidi. Ferguson alikuwa mtoto wa mkulima wa County Down, aliyezaliwa mwaka 1884, fundi wa magari mjini Belfast. (Alipenda hatari kidogo pia: mwisho wa mwaka 1909 aliruka na ndege aliyoitengeneza mwenyewe, wa kwanza Ireland.) Watengenezaji wengine walitafuta nguvu kwa kuongeza chuma: trekta nzito haiinuki ovyo na haitelezi. Ferguson aliona kwamba uzito huo unakandamiza udongo na kula mafuta. Yeye alitaka trekta nyepesi, na jembe liwe kiungo cha mwili wake badala ya kuburutwa kama mkia.

Mpango huo aliupatia hati ya uvumbuzi mwaka 1926. Ndiyo mikono mitatu tunayoijua leo: miwili chini, mmoja juu. Udongo ukivuta jembe kurudi nyuma, ule mkono wa juu unasukuma trekta kwenda mbele na kuzuia pua isipande. Wakati huohuo uzito wa jembe, pamoja na udongo unaoligandamiza, unashuka kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa maneno mengine, trekta ya Ferguson haikuwa na uzito mwingi wa kwake. Iliazima uzito kutoka kazi yenyewe.

Mwaka 1938 Ferguson na Ford walipatana kwa kushikana mikono tu, bila karatasi, na mwaka 1939 ikatoka Ford 9N. Baadaye mjukuu wa Ford aliukata ule urafiki, wakapelekana mahakamani, na mwaka 1952 kampuni ya Ford ikakubali kulipa dola milioni 9.25. Wanaopenda mapatano ya mdomo wanisamehe. Trekta ya Ferguson mwenyewe, TE20, ilitengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni.

Sasa hapa ndipo kosa langu linapoingia. Baada ya vita wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa na trekta ndogo zenye nguvu ya mafuta ya hidroliki, na walikuwa wamechoka kupakia samadi kwa uma. Basi mikono ya kuinulia ikafungwa mbele pia. Kampuni ya Ferguson nayo iliuza kifaa cha kupakia samadi kwa ajili ya TE20. Lakini ukifanya kazi ya ndoo, nyuma hakuna jembe. Ile trekta iliyoundwa kuazima uzito haina tena pa kuazima, na mzigo umehamia upande wa pili.

Tufanye hesabu, tuchukue mfano mwepesi. Ndoo ina kilo 500, mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2. Magurudumu ya mbele yanageuka kuwa egemeo, kama ubao wa bembea ya watoto. Nyuma inapoteza kilo 375. Mbele inapata kilo 875, siyo 500. Sasa funga bloku ya kilo 500, mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nyuma inapata kilo 750, na mbele inapunguziwa 250. Bloku inatua mzigo kutoka mbele! Mimi niliona «mzigo juu ya mzigo», na ilikuwa kinyume chake kabisa.

Ndiyo maana maji ndani ya pine hayatoshi peke yake. Njia hiyo ilikuja baada ya pine za hewa kuingia kwenye trekta, kuanzia mwaka 1932 na Allis-Chalmers. Maji yanakandamiza nyuma, sawa, lakini hayapunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja.

Kuna jambo la kutisha zaidi. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye pini moja katikati, ili icheze kwenye mashimo. Magurudumu ya nyuma yakiwa mepesi, trekta nzima inasimama juu ya hiyo pini, na kichuguu kidogo kinatosha kuilaza ubavuni. Tena, kwenye trekta kama yetu, breki ziko nyuma tu. Gurudumu lisilogusa udongo halifungi kitu. Uswidi ililazimisha mwaka 1959 kila trekta mpya iwe na fremu ya kumkinga shofere. Ile yetu haikuwa nayo.

Mwaka 1953 Joseph Bamford, yule wa JCB, aliweka ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma ya trekta moja. Mashini za namna hiyo tunaziona kwenye barabara zetu kila siku. Ule mkono wa nyuma unachimba, na ndoo ikiwa kazini, wenyewe ndio uzito.

Kesho yake tulirudisha bloku. Papa alirudi nyuma taratibu mpaka mikono ikafika kwenye pini zake, mimi nikaingiza vifungo kwa mikono yangu. Chini yake majani yalikuwa yamekauka, na kulikuwa na maganda ya karanga. Kijana mmoja aliuliza sasa watakaa wapi saa sita. Papa akamwonyesha kidole: «Uliza agronomu.»

Kama kwenye fermu unayofanyia kazi kuna bloku ya betoni inayokaliwa na watu, na trekta ina ndoo mbele, niandikie. Nataka kujua ni nani aliyesema itolewe, na alitoa sababu gani.