Kimea cha Bibi

Njia panda ya Mkiwa wengi huipita bila kuiangalia. Basi la kutoka Singida linapunguza mwendo, abiria wa Itigi anashuka na mzigo wake, wengine wanaendelea na safari ya Manyoni na Dodoma. Mimi nimezaliwa hapo. Jambo kubwa kuliko yote ninayoyajua kuhusu chakula cha mtoto nililiona likifanyika jikoni kwa bibi yangu, miaka mingi kabla sijavaa sare ya uuguzi.

Bibi alikuwa mpika pombe. Jioni analoweka mtama mwekundu, ule ambao kwelea kwelea wanausumbua kidogo kwa sababu ya ukakasi wake. Asubuhi anauchuja, anaumwaga juu ya gunia bichi na kuufunika. Siku ya tatu ukifunua, joto linakupiga usoni na punje zimeshikana kwa mizizi yake kama mkeka. Anauanika mpaka ukauke kabisa, anausugua kwa viganja vichipukizi vidondoke, anaupepeta, anausaga kwenye jiwe. Huo ndio unga wa kimea. Siku ya kupika kunakuwa na chungu cha uji mzito, mwiko unasimama wenyewe. Anausubiri upoe hadi kidole kistahimili, maana alikuwa anasema kimea hakitaki moto mkali. Halafu anatia konzi moja na kukoroga. Unakoroga huku unaona: mwiko unalegea, unaanza kuogelea, na kabla mkono haujachoka uji umekuwa mwepesi kama maziwa. Hakuongeza hata tone la maji.

Uji ule hakupewa mtoto hata siku moja. Kimea kilikuwa cha pombe, na pombe ni ya wakubwa. Sisi watoto tulipewa uji wa kawaida, maji mengi na unga kidogo, ili uteremke kooni. Nakumbuka njaa ya miaka ya 1973 hadi 1975, enzi za kuhamia vijijini na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, tulipokula unga wa mahindi ya njano, tuliouita yanga. Mdogo wangu alikuwa ananyweshwa uji huo hadi tumbo linakaza, na bado alikuwa anakonda. Mama alidhani kuna mkono wa mtu.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973, na tangu mwanzo Sweden ilikuwa miongoni mwa wafadhili wake wakubwa. Mtafiti wa hapo, A. C. Mosha, pamoja na Ulf Svanberg wa Gothenburg, walikwenda kuuliza swali ambalo mama yangu angelielewa mara moja: kwa nini mtoto anashiba bila kunenepa? Jibu lao lilichapishwa mwaka 1983. Wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Ili uji uwe mwepesi wa kumezwa na mtoto, katika gramu mia moja unaweza kutia kama gramu tano tu za unga, na hizo zinampa takribani kilokalori ishirini. Tumbo lake ni dogo, linajaa maji. Ukitia kimea, vimeng'enya vilivyozaliwa ndani ya punje inapochipua vinakata nyuzi za wanga, maji yanaachiwa, na uji wenye gramu ishirini za unga unanyweka vilevile. Tumbo ni lile lile, nguvu mara nne.

Miaka hiyo nilikuwa muuguzi Iringa. Mpango wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ulikuwa umeanza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, hadharani, kadi mkononi. Nilisikia habari za kimea na nikaenda kuwaeleza akina mama nikiwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Mama mmoja alinitazama, akamkumbatia mwanawe. "Nesi, unataka nimpe mtoto pombe?" Ilinibidi nikoroge mbele yake, ninywe mwenyewe, nichemshe tena, ndipo akapokea kijiko. Huko huko Iringa, katika kijiji cha Luganga, watafiti walichunguza kama watoto wangeupokea uji huo na wangekula kiasi gani. Matokeo yalitoka mwaka 1990.

Kwa hiyo fedha zile za wafadhili zilinunua nini, ikiwa bibi alikuwa anajua tayari? Nimeliwaza swali hili muda mrefu. Zilinunua vipimo, na zilinunua mtu wa kuvusha kimea kutoka kwenye chungu cha pombe hadi kwenye bakuli la mtoto. Bibi peke yake asingekivusha. Pia zilitufundisha kwa nini alikuwa anasugua vichipukizi kwa makini vile. Chipukizi la mtama hubeba sumu ya sayanidi; wafugaji wa kwetu hawaruhusu ng'ombe kuingia shamba la mtama mchanga. Sijutii hata shilingi moja ya utafiti ule.

Ninachosikitikia ni kwamba fedha ziliishia kwenye ushahidi. Kazi ya siku nne ya kuloweka, kuanika na kusugua iliachwa mgongoni kwa mama yule yule mwenye shamba, kuni na maji. Leo dukani Mkiwa unauzwa unga wa lishe wa nafaka nyingi, soya na karanga, na mama akiupika unakuwa mzito, anaongeza maji, tumerudi pale pale.

Si kwamba hakuna pa kuomba. Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo tangu sheria ya mwaka 1986, na ina mfuko wake, MTUSATE. Wapo pia wafadhili wa nje wanaotangaza nafasi za ubunifu wa chakula. Mwaka juzi kikundi chetu cha wanawake kilijaza fomu ya mfadhili mmoja, yote kwa Kiingereza, nikawatafsiria swali kwa swali. Tuliandika tunataka vichanja vya kuanikia, kinu cha kusagia, na fedha za kupima sayanidi na sumukuvu kila mzigo kabla haujauzwa. Tukajibiwa kwamba kimea si ubunifu mpya.

Wenzangu hawakukata tamaa. Safari hii tumeanza kupima wenyewe kile tunachokiweza: mizani ya jikoni, saa ya ukutani, na kijiko kile kile kila mara. Daftari limefika ukurasa wa kumi na tisa. Mtama wa mzigo unaofuata umelowekwa jana jioni.