Mchoraji Aliyeikosa Jinja

James Augustus Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji wa pwani kaskazini mwa Uskoti. Aliingia jeshini India mwaka 1846, na katika vita vya Lucknow vya 1857 akajeruhiwa mkono wa kulia. Miaka mitatu baadaye alifuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, na kazi ya picha ikawa yake.

Walifika Unguja Agosti 1860. Grant alikuja na kamera, na picha alizopiga mjini humo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za Unguja. Lakini sahani za kioo za wakati ule zilitayarishwa na kusafishwa papo hapo, ndani ya hema lililofungwa, na joto la bara lingemuua. Speke akamwachisha, naye akashika rangi za maji. Njia nzima, kutoka pwani hadi Karagwe na Buganda, alichora watu, nyumba, mandhari na mimea. Mimea hasa aliipenda: aliikusanya na kuikausha, na wataalamu wa London wakaichapishia maelezo katika miaka ya 1870. Uangalifu huohuo wa kutazama jani ndio unaozipa picha zake thamani.

Karagwe ilimkwamisha. Kidonda cha mguu kilimlaza kwa miezi, na alipoingia Buganda mwaka 1862 alikuwa amebebwa. Julai mwaka huo msafara uligawanyika: Grant akaelekezwa Bunyoro pamoja na mizigo, Speke akashika njia ya mtoni. Tarehe 28 Julai Speke alisimama Jinja, mahali maji ya Ziwa Victoria yalipomwagikia mtoni juu ya miamba, akayaita Maporomoko ya Ripon kwa heshima ya rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Yalikuwa mafupi, kama futi 12 tu, lakini mapana. Speke alieleza samaki waliokuwa wakiruka dhidi ya maji, wavuvi wa Kisoga na Kiganda juu ya mawe wakiwa na fimbo na ndoana, viboko na mamba, kivuko kikifanya kazi, ng'ombe wakishushwa kunywa maji. Ni mandhari kamili ya ufukweni, na mchoraji wa msafara hakuwapo. Baadhi ya watu walimlaumu Speke kwa kujitwalia sifa peke yake. Grant mwenyewe alimtetea hadi mwisho, akisema mguu wake usingestahimili mwendo ule.

Uchoraji wa mashariki mwa Uganda, hata hivyo, haukuwangoja wageni. Huko Nyero, wilaya ya Kumi, kaskazini mwa Mbale, miamba ina michoro myekundu ya duara ndani ya duara, na maumbo marefu ambayo baadhi ya watafiti wanayaona kuwa mitumbwi. Ni ya kale kuliko safari ya Grant, na waliochora hawajulikani kwa majina.

Grant alichapisha kitabu chake mwaka 1864 na kufariki Nairn mwaka 1892. Picha zake za rangi, zaidi ya 100, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Leo mchoraji hawezi tena kuyaona maporomoko ya Jinja kama Speke alivyoyaona: bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, maji yalipanda na kuyafunika Maporomoko ya Ripon.