Kingamwili Zinazozima VVU na Safari ya Chanjo Afrika Mashariki

Ganda la virusi vya UKIMWI limefunikwa kwa sukari zinazotengenezwa na seli za binadamu mwenyewe, ndiyo maana mfumo wa kinga huziona kama sehemu ya mwili na kuziacha. Kingamwili nyingi za mwanzo hushika sehemu za ganda zinazobadilika kila mara, na virusi huzikwepa. Hata hivyo, baadhi ya watu walioishi na maambukizi kwa miaka kadhaa hupata kingamwili zinazozima aina nyingi za VVU. Haziwaponyi, kwa sababu virusi vilivyomo miilini mwao huwa vimekwisha kujibadilisha, lakini ni ushahidi kwamba mwili wa binadamu unaweza kuzitengeneza.

Mwaka 2009 watafiti walitangaza kingamwili mbili za namna hiyo, PG9 na PG16, zilizotoka katika damu ya mchangiaji mmoja Mwafrika. Alipatikana miongoni mwa watu takriban 1,800 waliotoa damu chini ya mpango wa shirika la IAVI. Maabarani, PG9 ilizima virusi 127 kati ya 162. Mkono wake mrefu hupenya katikati ya sukari na kugusa kilele cha ganda. Mwaka uliofuata ilitangazwa VRC01, inayoshika mahali pale pale ambapo virusi hujishikiza kwenye seli ya CD4. Mahali hapo virusi haviwezi kupabadilisha ovyo, maana vikifanya hivyo vinajifungia mlango wa kuingia ndani ya seli.

Je, kingamwili hizo zikiwekwa mwilini mapema, zinakinga? Jaribio la AMP lilijibu swali hilo. Upande wa Afrika lilihusisha wanawake 1,924, baadhi yao wakiwa Mbeya na Kisumu, waliotundikiwa dripu ya VRC01 au maji yasiyo na dawa kila baada ya wiki nane. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa kwa ujumla maambukizi hayakupungua vya kutosha. Lakini dhidi ya virusi vinavyodhurika kwa urahisi na VRC01, kinga ilifikia takriban asilimia 75. Tatizo ni kwamba virusi hivyo vilikuwa kama asilimia 30 tu ya vilivyokuwa vikizunguka. Kusema jaribio hilo lilishindwa ni kulisoma nusu: lilithibitisha kwamba kingamwili zinakinga, na likaonyesha kwamba moja peke yake haitoshi.

Hata dripu ikichanganya kingamwili kadhaa, utaratibu wake ni mgumu kwa maisha ya kawaida. Mama wa Chanika anayepanda daladala kupitia Gongo la Mboto hadi mjini, kisha akae kitandani dripu ikiisha, na arudie hivyo kila baada ya wiki nane, anapoteza siku nzima ya biashara kila mara. Ndiyo sababu chanjo inahitajika, ili mwili wake ujitengenezee kingamwili hizo.

Dar es Salaam ina historia ndefu katika utafutaji huo. Jaribio la HIVIS-03, lililoanza mwaka 2007 chini ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, liliandikisha watu 60 kutoka Jeshi la Polisi. Walichomwa chanjo ya DNA mara tatu, kisha chanjo ya MVA iliyobebwa na kirusi kilichodhoofishwa. Miili yao iliitikia vizuri, lakini kingamwili zenye uwezo mpana hazikupatikana. Jaribio jingine la chanjo, PrEPVacc, lililofanyika Dar es Salaam, Mbeya, Masaka na Durban, lilisitisha uchomaji wa chanjo zake mwaka 2023 ilipobainika kuwa hazikingi. Watu hao walijitolea miili yao, na walichofundisha ni kikubwa: kuuonyesha mwili ganda la virusi na kusubiri bahati hakutoshi.

Mkakati wa sasa unaanzia nyuma zaidi. Seli B zinazoweza kuzaa kingamwili za aina ya VRC01 ni adimu mno, hivyo chanjo ya kwanza huziamsha, na zinazofuata huziongoza hatua kwa hatua hadi zikomae. Protini ya eOD-GT8 iliziamsha kwa watu 35 kati ya 36 waliochanjwa nchini Marekani, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2022. Jaribio la IAVI G003, lililofanyika Rwanda na Afrika Kusini kwa teknolojia ya mRNA, lilipata mwitikio huo kwa zaidi ya asilimia 90 ya washiriki. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Seli zilizoamka bado hazizimi VVU.

Hatua zinazofuata ndizo zitakazoamua thamani ya chanjo kwa eneo hili. Tanzania ina virusi vya makundi A, C na D, pamoja na mchanganyiko wake, wakati utafiti mwingi wa awali ulitumia virusi vya kundi B vya Marekani na Ulaya. Protini za kuzikomaza seli B zinapaswa kuchaguliwa kwa kuzingatia virusi vya hapa, na Muhimbili na Mbeya, zenye maabara na uzoefu wa majaribio haya, zishiriki tangu kwenye uchaguzi huo.