Kutendwa, Kujifanya, Kutendeka: Maneno Yetu na Historia ya Fahamu

Kiswahili si mgeni katika nchi za Ziwa Mweru. Misafara ya wafanya biashara wa pwani ilifika kwa Mwata Kazembe katika karne ya 19, na Livingstone alipofika huko mwaka 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amekwisha kukaa miaka mingi. Miaka 150 baadaye, mwaka 2017, lugha hii iliingia tena kwa njia ya majonzi, wakati maelfu ya wakimbizi wa Kongo kutoka Katanga ya Juu na Tanganyika walipopokelewa katika kituo cha Kenani, wilaya ya Nchelenge. Hapo Kenani, katika somo moja la jioni ambamo watu wa Pweto na Moba waliketi pamoja na jirani zao Wabemba, ndipo lilipozuka swali lililotuletea makala haya.

Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, aliuliza: "Mwalimu, msichana akianguka darasani, akapiga kelele, akasema kwa sauti isiyo yake, kisha akaamka asikumbuke neno, tuseme amefanywa nini?" Majibu yalikuwa mengi. Amepagawa. Amepandwa na pepo. Amerogwa. Jirani Mbemba alieleza kwamba kwao husemwa ukuwilwa, yaani kuangukiwa na ngulu. Mzee mmoja aliyekuwa kimya akakata shauri: "Anajifanya tu."

Msomaji aliyezoea kufundisha sarufi ataona mara moja jambo lililotushangaza. Majibu yote, ila lile la mzee, yamo katika kauli ya kutendwa: yuko mtendaji nje ya mtu, naye mtu ni chombo tu. Hata watu wa pwani humwita mwenye pepo "kiti", yaani mahali pa kukaliwa. Jibu la mzee, kwa upande wake, lina kiambishi -ji-, ambacho humrudishia mtu tendo lake lote na lawama yake yote. Je, hakuna njia ya tatu? Hatukusudii kuamua hapa kama pepo wapo au hawapo. Hilo ni la imani ya mtu. Tunakusudia kuonyesha kwamba wataalamu wa Ulaya nao walikwama baina ya njia hizo mbili kwa muda mrefu.

Mwaka 1778 tabibu Franz Anton Mesmer alihamia Paris. Alidai kwamba mwilini mwa kila kiumbe hupita nguvu mfano wa sumaku, na kwamba yeye aweza kuielekeza kwa mikono yake. Wagonjwa walitetemeka, wakalia, wakazirai, na wengi walisema wamepona. Hiyo ndiyo kauli ya kutendwa katika vazi la kisayansi. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 aliunda tume, na miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo Benjamin Franklin na Lavoisier. Mfuasi mmoja wa Mesmer alitia nguvu hiyo katika mti mmoja wa bustani ya Franklin, kisha kijana wa miaka 12 akafungwa macho na kupitishwa mti hata mti. Kijana alizirai kwenye mti wa nne, ambao haukutiwa chochote. Tume ikahukumu kwamba nguvu ya Mesmer haipo, na kwamba kilichotenda kazi ni mawazo ya mtu mwenyewe.

Watu wengi walichukua hukumu hiyo kuwa ni sawa na neno la mzee wetu: wanajifanya tu. Lakini sivyo. Kijana yule alizirai kweli, na jambo la ajabu lililobaki bila maelezo ni hilo hasa: kwamba tarajio peke yake laweza kumwangusha mtu.

Aliyelikazania jambo hilo ni James Braid, tabibu mpasuaji wa Manchester, aliyeshuhudia maonyesho ya namna hiyo mwaka 1841. Yeye alitambua kwamba mtu akikazia macho kitu kinachong'aa na kuyakusanya mawazo yake mahali pamoja, huweza kuingia katika hali ile bila sumaku yoyote. Katika kitabu chake cha mwaka 1843 aliipa hali hiyo jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi, ndilo tuliandikalo leo hipnosi. Baadaye alijuta. Aliona kwamba wengi wa watu wake hawakulala hata kidogo, bali fahamu zao zilishikwa na wazo moja. Na mwaka 1847 alijaribu kuleta jina jingine lenye maana hiyo. Alikuwa amechelewa. Jina la kwanza lilikwisha kuenea, na hata leo watu hudhani kwamba hipnosi ni usingizi. Hilo ni funzo kwetu sisi tunaopewa kazi ya kutafuta istilahi. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi tafsiri ya "kiinimacho", kwa kuwa hilo ni neno la hila na mchezo.

Na hali hii si mchezo. Katika miaka hiyo hiyo tabibu James Esdaile, aliyekuwa Hooghly katika Bengal, aliripoti kwamba amewapasua watu wengi, wakiwamo wenye uvimbe mkubwa wa matende, kwa kutumia njia za Mesmer bila maumivu. Hata katika siku zetu, mwaka 1997, wataalamu wa Montreal walipima ubongo wa watu waliotiwa katika hipnosi huku mkono umetumbukizwa katika maji ya moto. Walipoambiwa kwamba karaha ya maumivu inapungua, kazi ya sehemu fulani ya ubongo ilibadilika pamoja na maneno hayo. Mwenye kujifanya hudanganya kwa ulimi. Hapa ubongo wenyewe ulisadiki.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake. Tarehe 30 Januari 1962, miezi miwili haijatimia tangu Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kicheko kilichanganyika na kilio na hofu. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao ugonjwa ulizuka Nshamba, ukawapata watu 217. Wahaya waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, hawakuona sumu wala kijidudu. Waliona pia kwamba walimu wa shule hawakupatwa. Walipatwa wale waliokuwa katika duara moja la hofu, waliotazamana.

Sasa turudi kwenye sarufi, kwani hapo ndipo penye faida yetu. Miaka ya nyuma tulifundisha katika shule moja ya bweni, na wasichana watatu wakaanguka. Mkuu wa shule aliona wanajifanya, akaamuru wachapwe mbele ya wenzao. Wiki haikwisha, wakaanguka wengine tisa. Wazazi walipokuja walisema wamerogwa, wakamtafuta mrogaji, na mpishi mmoja mzee akalazimika kuhama usiku pamoja na mkewe. Kiambishi kimoja kilileta fimbo, na kingine kikamfukuza mtu asiye na kosa. Nasi tuliokuwa walimu wa lugha tulinyamaza.

Kiswahili kina kauli ya tatu, nayo ni ya kutendeka. Twasema taa imezimika, kikombe kimevunjika, bila kumtaja mtendaji na bila kukilaumu kikombe. Vivyo hivyo twaweza kusema: mtoto amepumbazika, fahamu zake zimeghafilika. Kauli hii yakiri kwamba jambo limetukia kweli, wala haimtafuti mchawi.

Basi, ndugu walimu, litokeapo jambo hili, kwanza mtoto apelekwe zahanati, kwani kifafa na malaria kali navyo huangusha watu. Pili, aondolewe taratibu mbele ya macho ya wenzake. Tatu, tuseme naye kwa upole, na tuchunge maneno tusemayo mbele ya wengine, maana tumeona maneno yawezavyo kutenda. Darasa letu la Kenani lilikuwa la watu waliokimbia vita, na hofu kwao haikuwa hadithi.

Tulipomaliza kueleza haya, yule mama aliandika sentensi yake daftarini: "Msichana ameghafilika." Mzee aliisoma, akafikiri kidogo, akauliza kama atapona. Tukamjibu kwamba mara nyingi hupona, akiachwa atulie.