Ruzuku Ilivyofuata Misheni

Babu yangu mzaa baba alifundisha chuo cha Kurani karibu na Lindi mpaka alipofariki. Watoto waliopita mikononi mwake walitoka wakijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za mashamba, wasia. Serikali ya Waingereza haikumpa hata senti moja, na kwa kanuni zake isingeweza kumpa. Mimi nimestaafu nikiwa mwalimu wa historia, na leo watu wakibishana kama serikali ilipie shule zinazoendeshwa na watu binafsi, nawasikia wanazungumza kana kwamba jambo hilo ni geni. Kwetu lina umri wa karibu miaka mia.

Wajerumani, waliotawala kabla ya Waingereza, walikuwa na shule yao ya serikali pale Tanga, iliyoanza miaka ya 1890. Haikufundisha dini, maana makarani waliotafutwa walikuwa watoto wa Kiislamu wa pwani, na wamisionari hawakufurahi. Waingereza walishika njia nyingine. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ya kuchunguza elimu ilipita Afrika Mashariki, ndani yake akiwamo James Aggrey, mwalimu Mwafrika mzaliwa wa Gold Coast, nayo ikahimiza serikali na misheni zishirikiane. Mwaka uliofuata London ikatoa sera yenye msimamo huohuo. Misheni tayari zilikuwa na ardhi, majengo na walimu. Serikali ya Tanganyika ilikuwa na fedha kidogo na haikutaka kutumia nyingi. Ikaja Sheria ya Elimu ya 1927. Shule iliyofuata mtaala wa serikali, ikaajiri walimu wenye vyeti na kumfungulia mlango mkaguzi, ilistahili ruzuku, hasa kwa ajili ya mishahara. Shule za makatekista vijijini hazikufikia kiwango hicho. Vyuo vya Kurani havikuhesabiwa kabisa.

Matunda ya ruzuku ile siwezi kuyabeza. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na shule ya Minaki, Wakatoliki walikuwa na Pugu na St. Mary's ya Tabora, Wabenediktini walikuwa Ndanda. Julius Nyerere alipotoka Makerere alifundisha St. Mary's, na baadaye Pugu mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya chama cha TANU. Benjamin Mkapa alipita Ndanda na Pugu. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na wasomi wachache kiasi kile ingekuwa na wachache zaidi kama si shule hizi.

Lakini nani aliamua shule ijengwe wapi? Aliamua askofu. Aliamua mkuu wa shirika, kwa kutazama waumini wake walipo na anapotarajia kupata wengine. Fedha ya umma ikaja nyuma yake. Ndiyo sababu Kilimanjaro na Bukoba zikajaa madarasa, na Rufiji na Kilwa zikabaki na machache. Mzazi wa Kiislamu aliyekuwa na shule ya misheni jirani naye alikuwa na hofu yake, na haikuwa hofu ya bure: shule nyingi zilianzishwa ili zipate waumini, na wenyewe walisema hivyo wazi. Baba yule alilipa kodi ya kichwa kama mwenzake wa Moshi. Serikali ilijenga shule zake pia, Tabora ikiwa mashuhuri kuliko zote, ila zilikuwa za kuhesabika. Waislamu walipoanzisha East African Muslim Welfare Society mwaka 1945, Aga Khan akiahidi kuongeza paundi moja kwa kila paundi waliyochanga wenyewe, walikuwa wamechelewa kwa karibu miaka ishirini.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilikata mzizi huo. Shule zilizokuwa zikipokea ruzuku zikawa mali ya serikali, seminari zikaachwa. Rais Nyerere, Mkatoliki aliyefundisha Pugu, ndiye aliyeichukua Pugu, na shule ya Aga Khan jijini Dar es Salaam ikawa Tambaza. Mimi ni zao la uamuzi huo. Niliingia kidato cha kwanza katika shule iliyojengwa na mapadri, nikalala bweni moja na vijana wa Kagera, Mara na Mbeya, na hakuna aliyeniuliza ninasali wapi. Babu yangu asingeota jambo hilo.

Serikali, hata hivyo, ilijua kuchukua kuliko kutunza. Uchumi ulipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970, maabara zikakosa kemikali na mabweni yakaanza kuvuja. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, wazazi wakajichangisha, hasa Kilimanjaro, na kabla miaka ya 1980 haijaisha sekondari za binafsi zikawa nyingi kuliko za serikali. Mwaka 1992 serikali ikatia saini makubaliano na makanisa kuhusu elimu na afya. Waislamu wengi wanayalalamikia mpaka leo, na nadhani wana haki ya kuuliza.

Uganda nayo imejaribu kulipia shule binafsi karibuni. Kuanzia 2007 ililipia wanafunzi wa sekondari katika shule binafsi shilingi 47,000 za Uganda kwa kila muhula, kwa sababu madarasa ya serikali hayakutosha. Kuanzia 2018 ikaanza kujiondoa.

Siipingi ruzuku. Mtoto wa Nachingwea hana faida na ubishi wetu kama shule yenye nafasi ni ya kanisa, ya msikiti au ya mfanyabiashara. Ninachopinga ni mkataba wa 1927 kurudi kwa jina jipya: mwenye shule achague mahali, achague watoto, kisha mlipakodi agharamie. Wabunge wakiletewa muswada wa namna hiyo, waulize kwanza wilaya gani zitapata shule na nani atashika orodha ya kuwapokea wanafunzi. Jibu likiwa ni mwenye shule, waukatae.